Maji ya Umma, Kingo za Watu: Historia ya Haki ya Mto katika Kibera na Kawangware

Mito miwili midogo ya Nairobi, inayoteremka kutoka miinuko ya Kikuyu na Dagoretti na hatimaye kukutana Njiru, mashariki mwa jiji, imepitia historia mbili tofauti za ardhi, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini swali la nani aruhusiwe kushuka mtoni na kutupa ndoana halijatulia hata baada ya Katiba kulitolea jibu. Mto Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, unapita katika bonde linalotenganisha Kangemi na Kawangware, ukipakana na mashamba ya zamani ambayo leo yamekatwakatwa kuwa ploti zenye hati miliki. Mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti na kupenya Msitu wa Barabara ya Ngong, unaingia Kibera, penye ardhi ambayo kwa zaidi ya karne moja imehesabiwa kuwa ya serikali, kisha unamwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi na kutoka humo kwa jina jingine, Mto Ngong. Kawangware ukingo una mwenyewe, na mwenyewe ana cheti. Kibera ukingo hauna mwenyewe kisheria, ila umejaa watu tele. Pande zote mbili, maji yenyewe ni mali ya umma.

Kabla ya utawala wa Waingereza, eneo hili lilikuwa mpakani mwa Wamaasai na Wakikuyu, na hakuna kati ya jamii hizo mbili iliyokuwa na desturi ya kula samaki. Kwa wengi wao, samaki alihesabiwa pamoja na nyoka na viumbe vingine visivyofaa kutiwa chunguni. Kwa hiyo haki ya kuvua haikuwa jambo la kugombaniwa, lakini haki ya kufika kwenye maji ilikuwa nzito. Miongoni mwa Wakikuyu wa Dagoretti na Kiambu, ardhi ilishikwa kwa utaratibu wa githaka, yaani shamba la ukoo lenye mipaka iliyojulikana, na mara nyingi mpaka huo ulikuwa ni mto au kijito. Ukoo ulimiliki udongo na ukaamua nani alime, lakini kijito, mahali pa kunyweshea mifugo, ardhi ya chumvi iliyolambwa na ng'ombe na njia za kufikia vitu hivyo vilitumiwa na majirani wote, hata wale ambao hawakuwa na kipande cha ardhi upande huo wa bonde. Mtu aliyeziba njia ya kisimani hakuwa amelinda mali yake. Alikuwa amewakosea majirani zake, na wazee wa kiama, ambalo ndilo baraza la kuamua mashauri, wangemwita ajieleze.

Waingereza walikuja na fikra nyingine, na ilikuwa na umri mkubwa. Katika sheria ya kimila ya Uingereza, umma una haki ya kuvua baharini na katika sehemu ya mto inayofikiwa na maji kupwa na kujaa, lakini juu ya hapo, mtoni ambako bahari haifiki, sakafu ya mto ni ya mwenye ardhi ya ukingoni hadi katikati ya mkondo, na haki ya kuvua inafuata sakafu hiyo. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215, ambayo huitwa msingi wa uhuru wa Waingereza, iliamuru vizuizi vya kuvulia samaki viondolewe katika mito ya Thames na Medway na kote nchini, lakini nia yake kuu ilikuwa vyombo vipite, si maskini apate kitoweo. Na vijito vya ndani viliendelea kuwa vya mabwana wa ardhi. Sheria hii ya kimila iliingizwa Afrika Mashariki kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 12 Agosti 1897, na tarehe hiyo ingali imeandikwa katika Sheria ya Mahakama ya Kenya kama kipimo cha kanuni za Kiingereza zinazoweza kufuatwa nchini, mradi zilingane na mazingira ya wenyeji.

Lau kanuni hiyo ingeachwa kama ilivyo, kila mlowezi aliyepewa shamba kando ya mto angekuwa pia mwenye samaki waliomo. Serikali ya kikoloni haikutaka hivyo, na sababu yake haikuwa huruma kwa umma. Nchi ilikuwa kavu, reli na miji vilihitaji maji, na walowezi wenyewe walikuwa wakigombana juu ya mifereji ya kumwagilia. Ndipo Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka 1915 ikaweka wazi kwamba hati ya ardhi haimpi mwenyewe haki ya maji ya chemchemi, mto wala ziwa, isipokuwa kwa matumizi ya nyumbani, hadi hati yenyewe iseme vingine. Na Sheria ya Maji iliyopitishwa mwaka 1929 ikayaweka maji yote mikononi mwa Ufalme, hivi kwamba aliyetaka kuyachota kwa wingi au kuyakinga alilazimika kuomba kibali. Kwa njia hiyo Kenya iliachana mapema na mto wa mtu binafsi. Lakini sheria zote mbili zilinyamaza kuhusu jambo moja: zilisema maji ni ya nani, hazikusema mtu atapita wapi kuyafikia.

Ukimya huo ulionekana vizuri zaidi katika uvuvi wa trauti, samaki wa maji baridi ambaye hakuwa na asili ya Afrika. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa amejipatia sifa kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki hao wakaachiliwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye walipandwa katika mito mingi ya Aberdare na Mlima Kenya, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ikawa na kituo cha kuwazalisha Kiganjo. Kuvua trauti kulihitaji leseni na kulifanywa kwa mshipi na chambo bandia. Nyavu, migono, ambayo ni mitego ya kusukwa kama kikapu, na sumu za mimea viliharamishwa katika mito hiyo. Sheria haikutaja rangi ya mvuvi, wala haikuwa na haja ya kuitaja, kwa kuwa leseni, vifaa na njia iliyopita katika mashamba ya walowezi au katika msitu wa serikali vilitosha kumchuja anayefaa na asiyefaa. Aliyeishi kando ya mto tangu utotoni akakamatwa na mgono aliitwa jangili. Aliyetoka Nairobi kwa gari na leseni yake mfukoni aliitwa mwanamichezo.

Grogan huyo huyo alikuwa na uhusiano wa karibu na mto unaopita Kawangware. Nyumba yake, Chiromo, ilijengwa kando ya Mto Nairobi, kilomita chache chini ya Kawangware, mahali ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi; na chini zaidi alimiliki eneo kubwa la kinamasi kandokando ya mto huo huo, ambalo jina lake lingali hai vinywani mwa mafundi wa magari wanaoita mtaa wao Grogan, ingawa barabara yenyewe sasa ni Kirinyaga. Katika mtu mmoja, basi, yalikutana mambo mawili ya historia hii: samaki aliyepandwa ili avuliwe kwa leseni, na ukingo wa mto wa mjini uliogeuzwa kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa.

Kibera ilianza kwa njia nyingine kabisa. Mnamo mwaka 1904 askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, ambao asili yao ilikuwa Sudan, walianza kuwekwa katika msitu uliokuwa kusini-magharibi mwa mji mchanga wa Nairobi, karibu na uwanja wa kulengea shabaha. Mwaka 1917 eneo hilo lilipimwa na kupatikana ekari 4,197, na mwaka uliofuata likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari aliyestaafu alipewa pasi ya shamba, yaani kibali cha kujenga na kulima, ambacho hakikuwa hati miliki na hakikumpa haki ya kuuza. Mwaka 1928 usimamizi ulihama kutoka jeshini kwenda kwa serikali ya kiraia, na Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikawahesabu Wanubi kuwa wapangaji kwa hiari ya Ufalme, maana yake wakaaji wanaoweza kuondolewa mwenye ardhi atakapo. Msamiati huo haukuwa mgeni: mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama Kuu ilikuwa tayari imewaambia Wakikuyu, katika kesi iliyohusu ardhi ya jirani, kwamba nao ni wapangaji wa namna hiyo. Mito ya Kibera, katika hali hiyo, haikuwa na mwenye ukingo aliyeweza kumzuia mtu. Wakaazi waliteka maji, wakanywesha mifugo, wakafua na wakapika pombe ya Kinubi bila kumwomba yeyote ruhusa, na hakuna hata moja kati ya matumizi hayo lililoandikwa mahali popote kuwa ni haki.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwa kukinga maji ya Motoine chini kidogo ya Kibera, ili liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji lililokuwa likipanuka haraka. Lilifunika takriban ekari 88, na kina chake kwa wastani hakikufika mita tatu. Kwa kuwa lilikuwa tambarare, lenye upepo na karibu na mji, halikukaa muda mrefu kabla ya kugeuzwa mahali pa starehe: klabu ya mashua za tanga ilijenga makao ukingoni mwake, wavuvi wa burudani wakaja na mishipi yao, na familia zikaandaa mlo wa Jumapili kwenye nyasi. Bwawa lilikuwa la umma kwa maana kamili ya kisheria, kwa kuwa lilijengwa na serikali juu ya ardhi ya serikali kwa maji ya serikali. Hata hivyo, kwa mwenendo wa kila siku lilikuwa na milango miwili. Upande wa Barabara ya Lang'ata ulikuwa na njia ya magari, klabu na wanachama. Upande wa kaskazini ulikuwa na mteremko wa Kibera, ambako maji yalifikiwa kwa miguu na ambako hakuna aliyeweka gati. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi mali moja ya umma inavyoweza kugawanywa bila ukuta wala hati, kwa barabara tu.

Wakati bwawa likijaa, Kawangware ilikuwa katikati ya mageuzi ambayo yangeamua hatima ya kingo zake. Tofauti na Kibera, hapa palikuwa katika hifadhi ya Wakikuyu ya Wilaya ya Kiambu, na familia zilikuwa na ardhi zao. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, vipande vya mashamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa na kuandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, na sheria ya mwaka 1959 ya kusajili ardhi za Waafrika ikaupa mpango huo nguvu. Mahali pa githaka palichukuliwa na ramani yenye namba. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulipanuliwa ukaijumuisha Dagoretti, na katika miongo iliyofuata wenye mashamba waliona kwamba safu ya vyumba vya mabati inaleta kipato kikubwa kuliko mahindi. Shamba lililoteremka hadi kijitoni liligawanywa kwa urefu, ploti nyembamba moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na mwisho wake mtoni. Wapangaji walimiminika, wengi wao kutoka Magharibi mwa Kenya, watu waliotoka kwenye mito ya Nzoia na Yala ambako mtoto hujifunza kuvua kabla ya kujifunza kusoma. Nao wakapanga mita chache tu kutoka kwenye maji, nyuma ya geti la ploti ambalo keateka hulifunga usiku.

Jambo lililopotea katika usajili huo lilikuwa la kisheria kabla ya kuwa la macho. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilitambua kundi la haki zinazoishi juu ya hati hata kama hazikuandikwa ndani yake, na miongoni mwazo ilitaja haki za njia, haki za maji na haki za kuchuma, hizi za mwisho zikiwa na maana ya haki ya kuingia katika ardhi ya mwingine na kutwaa kitu maalumu kinachotoka humo. Haki hizo zingehifadhiwa iwapo zilikuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa kusoma maneno hayo pekee, mtu angetarajia kwamba njia ya zamani ya kwenda mtoni, iliyotumiwa na kijiji kizima wakati wa githaka, ingesimama imara mbele ya hati yoyote. Mahakama zilisoma vingine. Katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo ya mwaka 1972 na ya Esiroyo dhidi ya Esiroyo ya mwaka 1973, majaji waliamua kwamba haki za kimila hazimo katika kundi hilo na kwamba usajili wa kwanza umezifuta. Kesi zote mbili zilihusu umiliki wa mashamba, wala hazikugusa samaki au vijito, lakini mantiki yake ilifagia kila kilichotegemea kumbukumbu ya wazee. Njia ya mtoni ambayo mpimaji hakuichora iligeuka kuwa ua wa mtu, na aliyeipita akawa anaingia bila ruhusa. Hukumu hizo zilistahili lawama zaidi ya zilizopata, kwa sababu zilichukulia ukimya wa rejista kuwa ushahidi wa ukimya wa watu.

Kibera nayo ilipata aina yake ya ukuta. Kuanzia miaka ya 1970 msongamano uliongezeka, na vyumba vya udongo na mabati vilisogea hadi kwenye bonde la mto katika Gatwekera, Soweto, Lindi, Silanga na vijiji vingine. Mwenye kujenga hakuwa na hati. Alikuwa na idhini ya mdomo, mara nyingi kutoka kwa chifu au wasaidizi wake, na idhini hiyo iligharimu fedha. Akajenga, akapangisha, akapokea kodi ya kila mwezi juu ya ardhi ambayo kisheria ilikuwa ya kila Mkenya. Kwa hiyo hata pasipo na umiliki binafsi, ukingo ulifungwa kwa matendo yanayofanana na umiliki, na tofauti ilikuwa tu kwamba mwenye ploti wa Kawangware angeweza kwenda mahakamani na mwenye majumba wa Kibera asingeweza. Wanubi, waliokuwa wa kwanza kufika, walisubiri hadi Juni 2017 ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile 4,197 za mwaka 1917.

Muda mrefu kabla ya hapo, hoja ya nani avue ilikuwa imepoteza kiini chake. Kibera haikuwekewa mfumo wa mabomba ya majitaka unaolingana na idadi ya watu wake, na kila kilichotoka vyooni na jikoni kiliteremka Motoine hadi bwawani. Bwawa lililokusudiwa kuwa akiba ya maji ya kunywa likawa dimbwi la tope, na mwishoni mwa miaka ya 1990 magugumaji yalikuwa yameufunika uso wake. Mashua za tanga ziliondoka. Juu ya tope lililojaa kingoni watu walianza kulima miwa, nduma na sukuma wiki, mazao yanayostawi sana penye mbolea ya namna hiyo na ambayo hupelekwa katika masoko ya mitaani bila mnunuzi kuuliza yametoka wapi. Serikali imetangaza mara kadhaa mipango ya kulisafisha. John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira kuanzia mwaka 2008 hadi kifo chake mwaka 2012, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa juhudi za mito ya jiji, ijapokuwa ushindi wake ulionekana katikati ya mji, kando ya Mto Nairobi, na si Kibera.

Samaki hawakuacha kuliwa. Waliacha kutoka mtoni. Kandokando ya njia za Kibera na Kawangware, jioni, karai la mafuta linapochemka, kinachokaangwa mara nyingi ni mgongo wazi: mifupa ya mbuta kutoka Ziwa Viktoria ambaye minofu yake imekatwa kiwandani na kupelekwa nje ya nchi, akabaki kichwa, mkia na uti wa mgongo ulioshika nyama kidogo. Pembeni huwa na omena zilizopimwa kwa kikopo, na sato, baadhi yao waliosafirishwa wakiwa wamegandishwa kutoka China. Ziwani ambako mbuta huyo alivuliwa, kanuni za mwaka 2007 zilianzisha vikundi vya kusimamia fuo, vinavyowaunganisha wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa mwalo mmoja na kuwapa sauti juu ya nani avue, kwa zana gani na wapi. Mito ya jiji haikupata chombo kama hicho, kwa sababu hapakuwa na mavuno ya kugawana, na pasipo mavuno hapakuwa na mtu wa kudai njia. Ndivyo uchafu ulivyofanya kazi ambayo uzio haukuimaliza.

Sheria, kwa upande wake, iliendelea kwenda mbele kana kwamba mito ingali hai. Mwaka 2006, katika kesi ya Waweru dhidi ya Jamhuri iliyotokana na majitaka ya mji mdogo wa Kiserian kuelekezwa mtoni, Mahakama Kuu ilitamka kwamba serikali na mamlaka za mitaa hushika maliasili kama wadhamini, yaani kama mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine na ambaye hawezi kuitumia wala kuiharibu kama yake. Katiba ya mwaka 2010 iliitia fikra hiyo katika Ibara ya 62, inayoihesabu mito, maziwa na maeneo mengine ya maji kuwa ardhi ya umma, ikishikiliwa na serikali ya kitaifa kwa dhamana ya watu wa Kenya na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Ibara ya 42 ikaongeza haki ya kila mtu kupata mazingira safi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilirudia dhamana hiyo kwa maji yote. Kwa hiyo mto ambao Uingereza sakafu yake ilikuwa ya bwana wa ardhi, na ambao maji yake nchini yaliwekwa mikononi mwa Ufalme mwaka 1929, sasa ni wa Mkenya yeyote, awe na ploti Lavington au chumba cha kupanga Gatina.

Ukingo ulifuata mkondo mwingine. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na ujenzi ndani ya umbali unaolingana na upana kamili wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, zikipima kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitumia kipimo kinachokaribiana lakini zikaanzia kwenye ncha ya juu ya ukingo, na zikaieleza ardhi hiyo kuwa ni ile ambayo mwenyewe anawekewa wajibu wa uangalizi kwa sababu iko karibu na maji. Maelezo hayo yanahitaji kusomwa polepole. Hayasemi kwamba ardhi ya ukingoni ni ya umma. Yanasema ina mwenyewe, na mwenyewe ana masharti. Mwenye ploti anayezingatia masharti hayo, asijenge wala kulima, anaweza bado kumfukuza kijana aliyekaa na ndoana kwenye nyasi zake, na sheria hizo hazimpi kijana huyo neno la kujibu.

Jimbo la Montana nchini Marekani lilifika kwenye njia panda hiyo hiyo na kuandika jibu lake waziwazi. Baada ya mahakama yake ya juu kabisa kuamua mwaka 1984 kwamba umma una haki ya kutumia mito bila kujali nani anamiliki sakafu, bunge la jimbo lilipitisha mwaka 1985 sheria inayomruhusu mvuvi kutembea mtoni na kingoni hadi alama ya kawaida ya maji ya juu, lakini ikamkataza kukatiza ardhi ya mtu ili afike hapo. Aingie darajani au mahali pengine pa umma. Kenya ina kinyume cha hali hiyo: imetangaza maji na sakafu kuwa vya umma kwa nguvu zaidi kuliko Montana, kisha ikauacha ukingo bila kusema lolote juu ya mpita njia.

Kanuni za ukingo zilipotumiwa kwa kishindo, hazikutumiwa kufungua njia bali kubomoa. Agosti 2018 matingatinga yaliangusha majengo ya wenye hati na vibali, yakiwemo Ukay Centre huko Westlands, South End Mall kwenye Barabara ya Lang'ata, na kituo cha mafuta chenye mkahawa Kileleshwa kando ya Mto Kirichwa, na kwa muda ilionekana kwamba sheria ingeshika matajiri kwa maskini. Wimbi hilo lilipungua. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyoua watu wengi, waliobomolewa zaidi walikuwa wakaazi wa mitaa ya mabanda kama Mathare na Mukuru, walioahidiwa shilingi 10,000 kila familia ya kuhamia kwingine. Agizo lililotolewa lilitaja mita 30, ambazo kwa kanuni ni kikomo cha juu. Kijito chenye upana wa mita nne, kama sehemu nyingi za Motoine ndani ya Kibera, kinastahili mita sita tu kila upande. Hoja ya usalama ilikuwa ya kweli, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia vyumbani usiku na watu wakafa. Lakini kipimo kilikuzwa mara tano kwa wasio na hati, na aliyehamishwa hakuachiwa hata kijia cha kurudi kuutazama mto kama raia.

Mahali ambapo ukingo umefunguliwa kweli, kazi imefanyika kwa udogo na kwa ubishi wa majirani. Ndani ya Kibera, kuanzia mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na vikundi vya wakaazi kugeuza sehemu za kingo zilizokuwa majalala kuwa maeneo ya umma yenye vyoo, madaraja ya waenda kwa miguu, mahali pa kufulia na viwanja vya watoto, vikundi vyenyewe vikisimamia matumizi na mapato. Hakuna hati iliyohitajika, kwa sababu ardhi ni ya serikali. Kilichohitajika ni wenye majumba wakubali kusogea. Mfano huo hauwezi kuhamishiwa Kawangware moja kwa moja, kwani huko anayetakiwa kusogea ana cheti, na nguvu ya cheti hicho imepimwa mahakamani tangu 1972.

Kwa Kawangware chombo cha kisheria kipo, nacho kimo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo inaruhusu kuanzishwa kwa haki ya njia ya jamii juu ya ardhi yoyote, iwe ya umma au ya mtu binafsi. Ombi linaweza kuletwa na serikali ya kaunti, na pia na kikundi cha watu wanaohitaji njia hiyo. Tume ya Taifa ya Ardhi hulipokea, mwenye ardhi huarifiwa na kusikilizwa, na njia ikikubaliwa mwenyewe hulipwa fidia kwa kipande anachopoteza na kwa hasara anayopata. Wapangaji wa safu moja ya ploti za bondeni wanaweza, kwa mujibu wa sheria hiyo, kuomba kijia cha mita mbili kati ya ploti mbili hadi kwenye maji ambayo Katiba tayari imewapa, na watakaobishana nao hawatakuwa walowezi wala jeshi, bali wenye ploti wanaowalipa kodi kila mwisho wa mwezi.